Tukibaki na asilimia 51 tuna khofu gani?

SWALI: Assalaam alaykum. Mimi ni katibu wa klabu ya mtaani kwetu Wete. Tuna wanachama 140, kiwanja chetu wenyewe na timu ya vijana. Mzaliwa wa hapa anayefanya biashara Muscat anataka tuigeuze klabu kuwa kampuni. Ataweka shilingi milioni 200 achukue asilimia 49, sisi wanachama tubaki na 51. Kuna mtaalamu ametuandikia rasimu ya kurasa mbili kwa laki tano, nimekupelekea nakala. Wazee wanaogopa, vijana wanasema mwenye 51 haibiwi. Kikao ni Ijumaa baada ya Isha. Tushike kauli ya nani?

JIBU: Waalaykum salaam, ndugu katibu. Wazee wana haki ya kuogopa na vijana wana haki ya kutaka timu yao ipate pesa. Mgomvi wangu mimi ni hiyo 51.

Tangu Simba waanze mabadiliko yao ya kuwa kampuni mwaka 2017, na likasikika kila baraza lile sharti la Bara kwamba wanachama wasishuke chini ya asilimia 51, hakuna klabu inayopanda ngazi za ofisi yangu bila ya kuja na nambari hiyo shingoni kama hirizi. Kwanza kanuni ile ni ya Bara. Michezo si jambo la Muungano, na sisi tuna Baraza la Taifa la Michezo Zanzibar, BTMZ, letu wenyewe. Pili, na hili ndilo linalonichosha kulirudia, asilimia ya hisa ni kitu kimoja na mamlaka ni kitu chengine.

Hisa inakupa fungu la faida na kura. Faida tuiweke kando, maana sijaiona klabu ya Zanzibar inayogawana faida. Imebaki kura, na kura inafanya kazi kwa jambo lililoletwa kupigiwa kura tu. Nani anatia saini benki, nani anamwajiri kocha, kikao cha bodi kinatimia kwa watu wangapi, hayo yanaamuliwa na katiba ya kampuni na mkataba wa wanahisa. Manchester United walipouza hisa New York mwaka 2012, hisa waliyouziwa watu ilikuwa na kura moja na hisa ya familia ya Glazer ilikuwa na kura kumi. Wajerumani walilijua hilo mapema. Kanuni yao ya 1998 inahesabu kura, haihesabu hisa: klabu mama, yaani ile ya wanachama, lazima iwe na nusu ya kura na moja zaidi. Na bado Leipzig, timu ya kampuni ya Red Bull, wameifuata kanuni hiyo kwa klabu mama ambayo wanachama wake wenye kura wanaenea kwenye daladala moja.

Sasa angalia rasimu yenu. Bodi ni ya watu watano, mwekezaji anateua watatu, na watia saini wa benki ni mwenyekiti wa bodi na mhasibu wake. Hiyo 51 yenu imekwisha kabla hamjafungua ukurasa wa pili.

Lakini swali ambalo hukuliuliza, na ambalo karibu hakuna anayeliuliza, ni hili: hizo milioni 200 zinaingia kama nini? Zikiingia kama mtaji, ni pesa ya kampuni; timu ikishuka daraja, mwekezaji ameumia pamoja nanyi. Zikiingia kama mkopo, nyinyi ndio mnaodaiwa. Rasimu inasema "ataweka". Neno hilo kwenye vitabu vya hesabu halipo.

Kuna klabu moja ya hapa Unguja, jina tuliache, iliniita baada ya misimu miwili na mfadhili wao. Nilipofungua vitabu nikakuta kila kitu alichotoa, jezi, posho, nauli za boti za kuja kwenu Pemba, hata ng'ombe wa sherehe ya kupanda daraja, kimeandikwa "mkopo kutoka kwa mwanahisa". Wanachama waliokula yule ng'ombe walidhani wamealikwa. Deni lilipofika pale alipotaka, bodi, ambayo wengi wao ni watu wake, ikatoa hisa mpya akazichukua kwa kufuta deni. Hakuna mwanachama aliyeuza hata hisa moja, na 51 ikashuka mpaka chini ya 30. Kila karatasi ilikuwa na saini halali, kwa hiyo sikuwa na la kuwasaidia.

Msidhani haya ni ya kwetu tu. Chelsea ilipouzwa mwaka 2022 ilikuwa inadaiwa na kampuni ya mmiliki wake, Roman Abramovich, takriban pauni bilioni 1.5. Watu kwa miaka 19 waliita ile pesa yake kuwa zawadi. Yeye alisema hadai. Wa kwenu je, amesema? Na Bury, klabu ya Uingereza ya tangu 1885, ilibadilisha mikono kwa pauni moja mwishoni mwa 2018, kiwanja chake kikiwa tayari kimewekwa rehani. Msimu ule ule timu ikapanda daraja. Agosti 2019 ikafukuzwa kwenye ligi kwa sababu mmiliki alishindwa kuonesha pesa za kuiendesha.

Kwenu Pemba jambo hili halitaki mwalimu. Mtu aliyekula pesa ya karafuu zikiwa bado mtini anajua msimu ukifika atakuwa anamchumia nani. Barcelona, ambayo ni mali ya wanachama watupu, haina mwekezaji mwenye hata hisa moja, mwaka 2022 iliuza robo ya mapato yake ya televisheni ya ligi kwa miaka 25. Huko ndiko kuuza karafuu mtini, na umiliki wa asilimia mia haukuwazuia.

Thamani nayo sijui ilipigwa na nani. Kama milioni 200 ni asilimia 49, klabu nzima pamoja na pesa yake hiyo ni kama milioni 408. Mtoe, mnabaki na 208: jina, vijana na kiwanja cha Wete. Nani alikithamini hicho kiwanja? Kisiingie kwenye kampuni hata kidogo. Kibaki kwa klabu yenu iliyosajiliwa BTMZ, kampuni ikikodi kwa mkataba wa maandishi.

Halafu kuna kifungu kinachompa mwekezaji, yeye binafsi, nusu ya mauzo ya kila mchezaji. FIFA imepiga marufuku mtu wa nje kumiliki fungu la mauzo ya mchezaji tangu Mei 2015. Mtaalamu wenu hajui, au anajua na amenyamaza. Na wakati anawagawia kisichogawika, hakutaja kile ambacho ni chenu: mchezaji akiuzwa kutoka nchi moja kwenda nyengine kabla mkataba wake haujaisha, asilimia 5 ya bei inagawiwa klabu zilizomlea kuanzia umri wa miaka 12 mpaka 23. Kwa hilo huhitaji mwekezaji, unahitaji usajili wa kila kijana uwe sahihi, tarehe zake zote. Nionesheni daftari lenu la vijana kabla ya kunionesha rasimu nyengine.

Siku hizi wamezuka watu wanaotembea na katiba moja kwenye simu, wanabadilisha jina la klabu na kuiuza, na msemo wao ni kuwa mpira ni biashara. Kampuni haileti pesa. Ni chombo tu, na chombo kinachovuja kikisajiliwa kitavuja kwa mujibu wa sheria. Watakutajieni KMKM na JKU, wakati zile ni timu za vikosi na mshahara wa mchezaji una kwengine unakotoka. Watakutajieni Azam, iliyozaliwa ndani ya kampuni na haikuwa na wanachama wa kugombana nao. Klabu isiyoandika risiti za kiingilio leo, ikigeuka kampuni kesho itakuwa kampuni isiyoandika risiti.

Ijumaa kaeni, msikilizeni ndugu yenu wa Muscat kwa heshima, huenda nia yake ni njema kabisa. Mwambieni aandike kuwa pesa ni mtaji, zinaingia lini na kwa mafungu mangapi. Kuwa hakuna hisa mpya wala mkopo bila ya mkutano mkuu wa wanachama. Na kuwa mtia saini mmoja wa benki anatoka kwenu. Mwenye nia njema hatachukia. Saini isitiwe usiku huo.

Na rasimu, ukurasa wa pili, inasema kampuni itasajiliwa BRELA. BRELA ni ya Bara. Kampuni ya Zanzibar inasajiliwa BPRA. Ile laki tano, kama hamjamlipa, msimlipe.