Mashine haiwaki? Weka spana chini kwanza

Juzi asubuhi nimefika gereji nikakuta kabureta ya mashine ya boti ya farasi 25 imelala juu ya gunia, jeti zimepangwa kwenye kifuniko cha dumu, na vijana wangu wawili wanabishana kama floti imetoboka. Nikauliza swali moja: klipu ya kuzimia, ile isipochomekwa mashine haiwaki, iko wapi? Kimya. Mwenye boti, aliyekaa juu ya ndoo kwa saa nzima, akaitoa mfukoni. Aliichomoa jana yake ili watoto wasichezee mashine, na hakuna aliyemuuliza. Tukaifunga kabureta, tukachomeka klipu, mvuto wa pili mashine ikaunguruma.

Sikuwafokea mbele ya mteja. Nafoka leo, na nafoka kwa mapenzi, maana hawa vijana wana mikono mizuri kuliko niliyokuwa nayo umri wao. Wanachokosa ni subira. Basi haya ni yenu, na ya kila anayeanza kazi hii huku kwetu Mtwara.

1. Macho kabla ya spana. Klipu ipo? Gia iko nyutro? Mashine nyingi kamba yake haivutiki ukiwa umeingiza gia, na nimemwona kijana akitangaza injini imekwama kumbe gia iko mbele. Skrubu ya hewa kwenye kifuniko cha tanki imefunguliwa? Mashine inayowaka vizuri, ikatembea kidogo, ikafa, ikapumzika, ikawaka tena, mara nyingi tanki lake limefungwa hewa na petroli haiwezi kutoka.

2. Ifungue plagi uisome. Ikiwa imelowa na inanuka petroli, mafuta yanafika. Tafuta cheche. Au kama mashine imekunywa kupita kiasi, zima choki, kausha plagi, vuta kamba mara kadhaa plagi ikiwa nje. Ikiwa kavu kabisa baada ya kuvuta sana, mafuta hayafiki. Ukipima cheche, gusisha plagi kwenye bloku, ziba tundu la silinda kwa kitambaa, na tanki liwe mbali. Hili la tanki sitanii. Nimeshaona nyusi za mwenzangu zikiungua kwa sababu alipimia cheche juu ya tundu lililokuwa linapumua petroli, na alikuwa na bahati kwamba ni nyusi tu.

3. Mimina mafuta kidogo kwenye chupa nyeupe inayoonyesha ndani uyaache yatulie. Maji ni mazito kuliko petroli, yatakaa chini na utayaona. Oili ya kuchanganya na petroli pimeni, msikadirie kwa macho: kwa hizi mashine zetu nyingi za zamani ni moja kwa hamsini, yaani dumu la lita 20 linataka mililita 400.

4. Usimfungulie mtu silinda kabla hujashika mpira wake wa mafuta, ule unaotoa petroli kwenye tanki kwenda kwenye mashine. Hapa nitakaa kidogo.

Nilikuwa ndiyo kwanza nimejitegemea, gereji ya makuti ufukweni. Mzee mmoja wa Msanga Mkuu, ng'ambo ya bandari, akavusha mashine yake ya farasi 15, wajukuu wawili wameibeba. Walikuja na mashine peke yake. Tanki na mpira vilibaki kwenye boti. Sikuviulizia. Nikafungua plagi, nikaziba tundu kwa kidole gumba, nikavuta kamba. Pumzi, yaani nguvu ya hewa inayosukuma kidole, ilikuwa imepungua kidogo, kama ya mashine yoyote iliyofanya kazi miaka mingi. Nikatoa hukumu: haina pumzi, inataka pistoni na pete mpya.

Mzee akaniuliza, "Fundi, una hakika?" Nikasema ninayo. Akauliza tena. Nikasema ninayo. Ukweli ni kwamba niliona haya kusema "ngoja kwanza nitafute" mbele ya wateja wengine waliokuwa wamekaa pale.

Aliuza jarife lake, wavu wake wa kuvulia, akanipa pesa. Vipuri vikaja na basi kutoka Dar es Salaam. Nikavifunga kwa uangalifu mkubwa, nikaiweka mashine kwenye pipa la maji baridi, nikaunganisha tanki la gereji na mpira wa gereji. Ikawaka mvuto wa kwanza. Nikamwambia, mzee, hii sasa ni mpya, nenda popote.

Akaniamini. Alfajiri yake akatoka na wale wajukuu, na tanga akaliacha nyumbani, kwa kuwa fundi amesema mashine ni mpya. Walipopita nje ya mlango wa bandari mashine ikazima. Walivuta kamba mpaka viganja vikatoka malengelenge. Ilikuwa kusi, upepo na mkondo vinawapeleka kaskazini, wana kasia moja. Alasiri mashua iliyokuwa inarudi kuvua ikawaona, ikawafunga kamba, ikawavuta mpaka nyumbani.

Kesho yake mzee akavuka kuja kwangu. Hakupaza sauti. Alikuja na ule mpira wa mafuta, wenye pampu yake ya kubonyeza, ameuzungusha mkononi, akaniwekea mezani, akasema, "Hii pampu ya mkono nikiibonyeza haikazi. Wewe uliibonyeza?"

Sikuwa nimeibonyeza. Pete ndogo ya mpira ndani ya kiunganishi ilikuwa imekauka na kupasuka, inanyonya hewa badala ya petroli. Kwenye pipa isingeonekana kamwe, kwa sababu mpira niliopimia haukuwa wake. Zile pistoni za zamani zilikuwa bado kwenye kona. Nikaziokota nikazitazama vizuri, kwa mara ya kwanza. Zilikuwa na miaka mingine ndani yake.

Nilimrudishia ujira wangu wote. Jarife sikuweza, aliyelinunua alishaondoka nalo kwenda Kilwa. Mzee aliendelea kuniletea mashine yake mpaka alipoacha bahari, na hakuwahi kunisema kwa mtu yeyote. Afadhali angenitukana.

Kwa hiyo bonyeza pampu ya mkono mpaka ikaze, mshale ukielekea kwenye mashine. Isipokaza, au ikikaza kisha ikalegea yenyewe, tafuta hapo kabla ya kwenda popote. Na jaribio la mwisho lifanyike kwa tanki na mpira wa mteja.

5. Nyaya. Ukiona kijani kwenye maungio hiyo ni chumvi inakula shaba. Safisha kwa msasa, na waya wa ethi usiusahau.

6. Mashine iliyoanguka baharini isikae nchi kavu ikisubiri fundi arudi harusini. Ioshe kwa maji baridi, yasiyo na chumvi, saa hiyo hiyo, toa plagi, vuta kamba maji yatoke, tia oili kwenye silinda, iwashe siku hiyo hiyo. Kutu haingoji.

Kesho anakuja mteja wa Mikindani na mashine ya farasi 40. Nimeshampigia simu aje na tanki lake, mpira wake, na klipu. Vijana, mtakaompokea ni ninyi. Kabureta isiguswe mpaka mniambie pampu ya mkono imekaza au haikukaza.