Je, vibete vyeupe viwili vinakaribia kulipuka juu yetu?

SWALI: Daktari, hapa Kondele, Kisumu, kuna video inayosambazwa kwenye WhatsApp ikidai kwamba vibete vyeupe viwili vilivyo karibu na dunia vimekwisha kupita kikomo cha Chandrasekhar, na kwamba supanova itatokea wakati wowote. Chini yake kuna namba ya kutuma sadaka ya kinga. Mama hapati usingizi. Je, kuna ukweli?

JIBU: Ndugu msomaji, jozi hiyo ipo. Kibete cheupe ni kiini kizito kinachobaki nyota ya kawaida inapokufa, na supanova ni mlipuko unaoiharibu nyota nzima. Ilitangazwa mwaka 2025 na wanaastronomia wa Chuo Kikuu cha Warwick, Uingereza. Iko umbali wa takriban miaka ya nuru 160, na uzito wa nyota zote mbili ni takriban mara 1.56 ya uzito wa jua. Ukweli wa video unakomea hapo.

Upotoshaji unaonikera zaidi ni huo wa kikomo. Kikomo cha Chandrasekhar, karibu mara 1.4 ya uzito wa jua, kinahusu kibete kimoja: ndio uzito ambao elektroni zilizosongamana ndani yake haziwezi tena kuuhimili. Katika jozi hii kimoja kina 0.83 na mwenzake 0.72, na vinazungukana kwa muda wa saa 14 hivi, kila kimoja peke yake. Kuvijumlisha na kutangaza kwamba vimepita kikomo ni kama kuyapima malori mawili pamoja kwenye mizani ya Gilgil, kisha kila dereva akatozwa faini kwa mzigo wa yote mawili.

Jumla hiyo itakuwa na maana vitakapokutana. Mzunguko wao hutoa mawimbi ya uvutano yanayoondoka na nishati, nao upotevu huo ni mdogo mno vikiwa mbali, kisha hukua kadiri vinavyosogeleana, hadi mwisho mzunguko mmoja utachukua nusu dakika hivi. Ndipo kimoja kitaanza kumwaga mata yake juu ya mwenzake na mlipuko wa kinyuklia uanze. Hayo yatachukua miaka bilioni 23, ilhali ulimwengu wote una umri wa miaka bilioni 13.8. Jua letu litakuwa limezimika zamani.

Wanasayansi wangali wanajadiliana kuhusu chimbuko la supanova za aina hii, kwa kuwa huenda baadhi hutokana na kibete kinachonyonya gesi ya nyota ya kawaida. Matapeli hawaugusi mjadala huo. Habari ya T Coronae Borealis, jozi nyingine yenye kibete cheupe, nayo imeenezwa kana kwamba ni supanova, ilhali ni nova: hulipuka tabaka la haidrojeni la juu tu na kibete hubaki, kama ilivyokuwa mwaka 1866 na 1946. Wanachofanya matapeli siku zote ni kuchukua ugunduzi wa kweli, kuufyeka muda na umbali, kisha kuuza hofu inayobaki. Yeyote anayekutangazia mlipuko wa nyota bila kutaja mambo hayo mawili asisikilizwe, hata akivaa joho la profesa. Msomee Mama ile namba ya miaka bilioni 23, na sadaka hiyo isitumwe hata shilingi moja.