Kabla Hujakubali Kuwa Kocha Mkuu

Kila mwaka, mahafali yakikaribia, kuna msichana mmoja wa timu yangu anayebaki nyuma baada ya mazoezi akijifanya anakunja wavu, kumbe ana swali. "Madam, na mimi naweza kuwa kocha?" Nimefundisha voliboli ya wasichana chuoni, huku magharibi mwa Kenya, kwa miaka 14, na 9 kati ya hiyo nikiwa kocha mkuu. Huwa namjibu ndiyo. Ila ndiyo hiyo ina mambo mengi ndani yake, na mimi nilipoanza hakuna aliyenikalisha chini akanieleza.

Nianze na siku ninayoijutia hadi leo. Ulikuwa msimu wangu wa pili kama kocha mkuu. Nusu fainali, seti mbili kwa mbili, tumeingia seti ya tano inayoishia pointi 15. Tunaongoza 11 kwa 8. Seta wangu, yule anayewapangia washambuliaji mpira, akatoa pasi mbili mbovu mfululizo. Nyuma ya benchi alikuwa ameketi mkubwa mmoja mwenye sauti kuhusu basi letu na posho zetu. Akapaza sauti: "Toa huyo!" Nikamtoa. Msichana niliyemwingiza hakuwa amegusa mpira tangu kupasha misuli, na mikono yake ilikuwa inatetemeka. Washambuliaji wakawa wanaruka kabla mpira haujafika. Tukafungwa 15 kwa 13.

Kwenye basi, yule seta niliyemtoa alihama kiti chake akaja kukaa karibu nami. Hakulia wala hakununa. Aliniuliza tu, "Kocha, ulinitoa kwa nini?" Nikababaika. Sababu niliyokuwa nayo haikuwa yangu, na yeye alilijua hilo kabla hajauliza.

Ukiwa kocha msaidizi unashauri, na ushauri wako ukikataliwa unalala usingizi. Kocha mkuu ndiye anayeulizwa kwenye basi. Kwa hiyo siku utakapoitwa ofisini kupewa cheo hicho, usikimbilie kushukuru. Uliza kwanza: nani anachagua timu? Nani anamteua msaidizi wangu? Pesa za usafiri na chakula anashika nani, na zinatoka siku ngapi kabla ya safari? Mtihani ukigongana na mechi, nani ana neno la mwisho? Omba majibu hayo yaandikwe, hata kama ni kwenye karatasi moja yenye sahihi mbili. Ukiambiwa "hayo tutayaongea mbele ya safari", jua kwamba safari hiyo utaitembea peke yako.

Lakini hata ukipewa mamlaka yote, uamuzi usio na msingi ni ubabe tu. Ndiyo maana nawasisitizia daftari. Langu ni la kawaida, la kurasa 96, na nililianza wiki ile ile baada ya nusu fainali. Kila sevu ya wapinzani, yaani mpira wa kuanzishia, inapopokewa, naandika namba ya mchezaji na alama kuanzia sifuri hadi tatu. Tatu ni pale mpira unapomfikia seta palepale alipo, anaweza kumpa mshambuliaji yeyote. Mbili, anasogea na chaguo zinapungua. Moja, anakimbia kuuokoa na kuurusha juu tu. Sifuri, pointi imeenda. Mwisho wa mechi unajumlisha na kugawa: mapokezi kumi yakikupa alama 21, wastani ni 2.1, na hapo unaweza kushambulia unavyotaka.

Kabla ya daftari ningeapa kwamba mpokeaji wangu bora alikuwa namba 4. Alikuwa anajirusha, anapiga kelele, magoti yamechubuka, uwanja mzima unamshangilia. Baada ya mechi tatu daftari likaniambia ni namba 9, msichana mpole ambaye sikuwa nimewahi kumsifu mbele ya wenzake. Nikakaa kumtazama vizuri. Sevu inayoelea, ile inayopigwa bila kuzungushwa, huyumba hewani na kukata ghafla, na wengi huifuata kwa mikono. Namba 9 alikuwa anaifuata kwa miguu: hatua mbili fupi, mpira ukishuka yeye ameshafika, mikono haihitaji kufanya lolote. Namba 4 alikuwa anajirusha kwa sababu alikuwa amechelewa. Niliwabadilisha nafasi na nikamweleza namba 4 sababu, daftari likiwa wazi kati yetu. Alikasirika kwa siku mbili, kisha akaja kuniomba nimfundishe zile hatua.

Kufundisha wasichana si kuchukua mazoezi ya wavulana na kushusha wavu kutoka mita 2.43 hadi 2.24. Utakuta makocha wanafanya hivyo hivyo, halafu wanashangaa wachezaji wanaumia. Goti la msichana liko hatarini zaidi kuliko la mvulana katika michezo ya kuruka na kugeuka ghafla, hasa ile kano ya mbele iliyo katikati ya goti, ACL. Mimi hutumia dakika kumi za kila mazoezi kufundisha kutua tu: miguu miwili, magoti yamekunjwa kidogo na hayalali kwa ndani. Ni zoezi linalochosha macho na hakuna atakayekupigia makofi. Lifanye. Na hedhi izungumzwe waziwazi kama tunavyozungumzia maji ya kunywa. Pedi zikae kwenye begi la huduma ya kwanza pamoja na bandeji, na bukta za timu ziwe za rangi nzito. Mwaka nilioanza nilikuta bukta nyeupe, na nilikuta pia wasichana waliokuwa "wanaugua" mara moja kila mwezi.

Jambo lingine silifanyii mzaha. Wasichana hawa wengi wana miaka 19 au 20, wako mbali na nyumbani, na wewe ndiye unayeamua nani acheze. Nguvu hiyo ni kubwa. Usikutane na mchezaji mmoja chumbani kwako, awe nani, hata kama wewe ni mwanamke mwenzake. Safari za kulala nje ziwe na watu wazima wawili, mmoja wao mwanamke. Na mchezaji ajue tangu wiki ya kwanza ni nani mwingine anayeweza kumwendea kama mwenye kosa ni kocha.

Kuhusu ngazi zenyewe: pata kozi ya daraja la kwanza ya FIVB, shirikisho la voliboli la dunia, mapema uwezavyo, maana bila cheti utabaki kuitwa "anayesaidia". Usione haya kurudi chini pia. Katie Schumacher-Cawley alikuwa mchezaji wa Penn State iliyotwaa ubingwa wa vyuo vya Marekani mwaka 1999. Akawa kocha mkuu katika vyuo vingine, kisha akarudi Penn State kuwa msaidizi wa Russ Rose, aliyeiongoza timu hiyo tangu 1979. Rose alipostaafu, akakabidhiwa yeye. Desemba 2024, akiwa katikati ya matibabu ya saratani ya matiti, akawa mwanamke wa kwanza kutwaa ubingwa wa voliboli wa daraja la kwanza la NCAA, chombo kinachosimamia michezo ya vyuo huko, kama kocha mkuu, katika mashindano ya wanawake yaliyoanza mwaka 1981. Miaka zaidi ya 40! Niliposoma habari hiyo nilitoka nje nikakaa peke yangu kidogo.

Nyumbani namfikiria Janet Wanja, seta wa Malkia Strikers, timu ya taifa ya wanawake ya Kenya, kwenye Olimpiki ya Athens 2004. Alipoacha kucheza hakwenda mbali na wavu. Alirudi timu ya taifa kama mkufunzi wa mazoezi ya viungo, hadi Paris 2024. Alituacha Desemba mwaka huo huo. Wachezaji wangu wa nafasi ya seta huwa nawaonyesha picha za mechi zake za zamani, wamtazame mabega: hayamwambii mpinzani mpira unakwenda wapi.

Mshahara? Usitarajie ukocha peke yake ukulishe, angalau mwanzoni. Mimi nimeajiriwa kama afisa wa michezo, asubuhi niko na orodha za vifaa na ratiba za ukumbi, jioni ndiyo timu. Panga maisha yako ukilijua hilo, na familia yako ilijue.

Yule namba 9 alimaliza chuo miaka minne iliyopita. Sasa anafundisha shule moja ya upili ya wasichana, na timu ni yake. Ijumaa iliyopita alinipigia saa nne usiku. Kesho yake alikuwa na fainali ya kaunti ndogo na alikuwa hajui amwanzishe seta yupi, yule mrefu au yule mwenye mikono mizuri. Nilimuuliza daftari lake linasemaje. Akanisomea. Nikamuuliza yeye mwenyewe anaonaje, akanyamaza kidogo, kisha akamtaja mmoja na kunieleza sababu tatu. Nikamwambia alale mapema.