Kabla hujaandika "skyrocket", piga hesabu kwanza

Vijana hapa Tanga huniletea kazi zao za Kiingereza nizipitie. Wengine wanajiandaa na IELTS, mtihani wa kupima Kiingereza, wengine wana ripoti ya mradi inayotakiwa na mfadhili kabla ya Ijumaa. Ugonjwa wao ni mmoja: kila kilichoongezeka, hata kiduchu, wanakiandikia skyrocket, yaani kupaa kama roketi. Kikundi kilikuwa na wanachama 40, sasa wako 46, basi ati wame-skyrocket! Mfadhili akiziona namba zenyewe hapo chini, ataanza kujiuliza na mengine yametiwa chumvi kiasi gani.

Kwa hiyo hesabu itangulie, kitenzi kifuate. Kutoka 40 hadi 46 ni ongezeko la asilimia 15. Rose au increased inatosha kabisa. Idadi ikizidi mara mbili, andika more than doubled. Mimi naipenda kuliko mbwembwe zote, maana msomaji anapata kiasi humo humo.

Panapowachanganya wengi ni soar, surge na spike. Chukua bei ya samaki. Kusi ikivuma kwa nguvu wavuvi hawatoki, changu wachache waliopo mnadani wanagombewa, bei inaruka. Bahari ikitulia, ngalawa zinarudi na mzigo na bei inashuka ilikokuwa. Hiyo ni spike: juu ghafla, chini upesi, kwenye grafu inachongoka kama msumari. Ukiandika soared na kuishia hapo, msomaji ataelewa kwamba bei imepaa na huenda bado iko huko juu. Surge ni msukumo unaokuja kwa kishindo, na hukaa vizuri kwenye mahitaji, maombi au wingi wa watu: a surge in demand.

Angalia pia urefu wa kipindi unachokieleza. Bei ya mkonge ilipanda vibaya sana baada ya Vita vya Korea kuanza mwaka 1950, kisha ikaporomoka kabla muongo haujafika mbali. Anayeandika habari za mwaka 1951 peke yake ana haki ya kusema soared. Anayechora grafu ya miaka thelathini atauona mchongoko tu, naye aseme spike. Bei ni ile ile, mkonge ni ule ule.

Mushroom waachie vitu vinavyohesabika na kuchomoza kila kona, kama vibanda vya mawakala wa pesa za simu. Bei haioti kama uyoga. Balloon, yaani kuvimba kama puto, nayo ina lawama ndani yake. Gharama au deni likiandikiwa ballooned, msomaji anasikia uzembe. Usiiandikie bajeti yako mwenyewe, labda kama umechoka na huo ufadhili.

Sasa sarufi, na hapa Kiswahili chako kinakusaidia. Rise ni kupanda, raise ni kupandisha. Husemi "wafanyabiashara wamepanda bei", basi usiandike the traders rose the price, ni raised. Soar nayo ni ya kupanda, haipandishi kitu: bei ndiyo soared, mfanyabiashara hawezi kui-soar.

Kwenye IELTS ya Academic, swali la kwanza la kuandika linataka maneno yasiyopungua 150, na unashauriwa ulitumie dakika 20 hivi. Nafasi ni finyu. Vitenzi vizito viwili vinatosha, vingine viwe vya kawaida na kielezi chake: rose sharply, grew steadily. Halafu rudi ukague by na to, maana hapo ndipo namba zinapoharibika. Increased by 50 ni kuongezeka kwa 50. Increased to 50 ni kufika 50. Kikundi chetu cha watu 40 kiki-increase by 46, kimeshakuwa na watu 86, na mfadhili atauliza hao wengine wako wapi.