Nilifanya mazoezi kila siku wakati wa karantini, mbona nilinenepa?

Mkuu, swali lako nimelisoma mara mbili, ni kama umeandika habari zangu. Unasema mwaka 2020 mlipofungiwa ndani kwa sababu ya korona ulifuata video za mazoezi nusu saa kila siku bila kukosa, ukatoka na kilo sita za nyongeza, wakati mdogo wako aliyeshinda kitandani na simu alipungua kilo nne. Unauliza ulikosea wapi, kwa nini kilo hizo zimegoma kuondoka mpaka leo, na kama ununue mashine ya kukimbilia. Mimi si daktari. Niliingia karantini na kilo 78, nikatoka baada ya miezi mitano na 86, na katika miezi hiyo nilifanya mazoezi kuliko wakati wowote maishani mwangu.

Kabla ya hapo nilikuwa mtu wa jimu mara mbili kwa wiki, tatu nikijitahidi. Jimu zilipofungwa nikaapa sitalegea. Nikatandika mkeka sebuleni: pushapu, kuchuchumaa na kuinuka, kuruka kamba mpaka jirani wa chini akawa anagonga dari yake kwa mpini wa ufagio. Dakika 35 kila jioni. Mwezi wa kwanza mizani ikapanda kilo mbili nami nikajipongeza kwamba ni misuli. Wakuu mnaojiambia hivyo, niwaibie siri: kilo mbili za misuli haziji kwa mwezi mmoja wa pushapu za sebuleni. Zingekuwa misuli, suruali ingenibana mapajani. Ilinibana kitufeni.

Aliyenifumbua macho ni simu. Ina ile programu ya afya inayohesabu hatua hata kama hujaiomba, na sikuwahi kuifungua. Siku moja mwezi Mei nikaifungua kwa bahati tu. Februari: wastani wa hatua 9,400 kwa siku. Aprili: 1,700. Nikadhani imeharibika. Nikakaa nikajiuliza zile 9,400 zilikuwa zinatoka wapi hasa. Kwenda kituo cha basi asubuhi. Kusimama ndani ya basi. Ngazi za ofisini mpaka ghorofa ya tatu, maana lifti ilikuwa mbovu siku zote. Kumfuata mwenzangu mezani kwake kumuuliza jambo ambalo sasa nilikuwa namwandikia ujumbe. Kutoka mchana kutafuta chakula, kurudi, kusahau kitu, kurudi tena. Hakuna hata kimoja nilichowahi kukiita mazoezi. Ni kweli kwamba ndani ya nyumba simu nilikuwa naiacha mezani, kwa hiyo nyingine hazikuhesabiwa, lakini ni chache. Kutoka kitandani hadi kwenye kompyuta ni hatua kumi na moja. Nimezihesabu.

Sasa piga hesabu kidogo. Hatua 7,000 na ushei nilizopoteza ni kama kilomita tano, na kwa mtu wa uzito wangu hizo ni kati ya kilokalori 200 na 250 kwa siku. Mazoezi yangu ya jioni, ukitoa muda wa kulala chali nikitazama dari, yalikuwa yanachoma 150 hivi, na sehemu yake ilikuwa inafidia jimu niliyokuwa naenda zamani. Kwa hiyo pamoja na jasho lote lile, kila siku nilikuwa nachoma pungufu ya nilivyokuwa nachoma zamani bila hata kujua. Tuseme pungufu ya 100. Kilo moja ya mafuta ya mwili ni takriban kilokalori 7,700, basi kwa miezi mitano hiyo inaeleza kilo mbili hivi.

Nilikuwa na nane. Sita zilizobaki zilitoka jikoni, na hapa mkuu wengi wetu huwa hatusemi ukweli.

Nilibandika karatasi kwenye mlango wa friji na kufunga kalamu kwa uzi, nikifungua nachora mstari. Siku ya kwanza, mistari kumi na minne. Nilijaribu kukumbuka kila mmoja ulikuwa wa nini. Mkutano wa kompyuta umeisha. Bosi ameandika barua pepe ya ukali. Taarifa ya habari imetaja idadi ya waliokufa siku hiyo. Nasubiri faili lipakuke. Njaa yenyewe ilikuwa mara mbili. Ofisini hata kama ningetaka kula kila baada ya mkutano nisingeweza, chakula kilikuwa mbali na watu wangeniona. Nyumbani hakukuwa na wa kuniona.

Na nilichokuwa nakula pia kilibadilika. Tulinunua kwa mkupuo ili tusirudi kupanga foleni, na kinachokaa muda mrefu ni vya pakiti: biskuti, vya kukaanga vya mfuko, vya kupasha tu moto. Kuna jaribio la mwaka 2019 lililofanywa na taasisi ya afya ya serikali ya Marekani ambalo lilinifanya niache kujilaumu sana. Watu 20 waliwekwa mahali pamoja wiki nne, wiki mbili wakila vyakula vya viwandani vilivyosindikwa sana na wiki mbili vyakula vya kawaida, ruhusa kula mpaka watosheke. Kwenye vya viwandani walikula zaidi kwa kilokalori kama 500 kila siku bila kulazimishwa, wakaongezeka karibu kilo moja ndani ya wiki mbili. Ongeza na kulala saa nane usiku, maana usingizi ukipungua homoni ya njaa hupanda. Nusu saa ya video haina ubavu wa kupambana na hayo yote.

Kuhusu mdogo wako, usimwonee wivu haraka. Chama cha wanasaikolojia wa Marekani kiliwauliza watu mwaka 2021: asilimia 42 ya watu wazima walisema wameongezeka uzito kuliko walivyotaka, na asilimia 18 walisema wamepungua kuliko walivyotaka. Msongo uleule wengine huwapeleka kwenye friji na wengine huwafunga koo. Na anayepungua akiwa amelala hapotezi mafuta peke yake, misuli nayo inakwenda. Mwaka 1966 kule Dallas watafiti waliwalaza vijana watano wa miaka 20 kitandani kwa wiki tatu. Miaka 30 baadaye waliwapima tena, wakakuta zile wiki tatu za kulala ziliwapunguzia pumzi na uwezo wa mwili kuliko miaka 30 ya kuzeeka. Muulize mdogo wako kwa upole ilikuwaje siku ya kwanza aliyopanda ngazi baada ya kufunguliwa. Mizani ilimsifia tu, mapafu na miguu yangekuwa na neno jingine.

Mimi kwanza nilijaribu kutatua kwa nguvu. Nikapakua programu ya mazoezi makali ya wiki sita, wiki ya tatu goti la kulia likavimba, nikakaa siku kumi bila kufanya chochote. Sina zaidi la kusema juu ya hiyo.

Kilichosaidia kilikuwa kitu cha kijinga kabisa. Masharti yalipolegezwa nikaanza "kwenda kazini": saa moja na nusu asubuhi navaa viatu, nafunga mlango, natembea dakika 20, narudi nyumbani na kukaa kwenye kompyuta kama mtu aliyefika ofisini. Saa kumi na moja "natoka kazini", 20 nyingine. Simu zote za kuzungumza napokea nikitembea, sebuleni naenda na kurudi kama mlinzi. Hatua zikarudi 7,000 na kidogo. Pushapu sikuziacha, ila nilizipunguza hadi mara tatu kwa wiki na kuongeza begi la mgongoni lenye vitabu ninapochuchumaa. Shirika la Afya Duniani kwenye mwongozo wake wa Novemba 2020 linataka dakika 150 hadi 300 za mwendo wa kadiri kwa wiki, na mazoezi ya misuli siku mbili au zaidi. Matembezi ya "kazini" peke yake yalinipa 200.

Jikoni sikufanya mlo wa adhabu. Karatasi ya friji ilibaki, nikaacha kununua vya pakiti kwa wingi, na nikawa nakula mezani, si mbele ya kioo cha kompyuta. Mizani mara moja kwa wiki, asubuhi ileile, juu ya sakafu ngumu. Zulia huidanganya, na ukijipima kila siku maji na chumvi vitakutia wazimu bure. Kwa mwaka mmoja zilitoka tano kati ya nane. Tatu bado ninazo, tumezoeana.

Kwa nini zako zimegoma? Nakisia tu, lakini umeandika kwamba bado unafanyia kazi nyumbani siku nne kwa wiki. Basi kwako karantini haijaisha, imebadilishwa jina. Kabla ya kufanya lolote fungua simu yako uone wastani wa hatua za mwezi uliopita, uulinganishe na wa mwanzo wa 2020 kama kumbukumbu bado ipo. Ukikuta zinalingana, basi nimekosea, njoo useme tuangalie upande wa chakula na usingizi, au ukapime tezi ya shingoni (thairoidi) hospitalini.

Mashine ya kukimbilia usinunue. Mimi nilinunua baiskeli ya ndani, Juni ileile, kwa mkopo. Niliipanda mara tisa. Sasa hivi imetundikwa mashati mawili na taulo. Ukiitaka kweli niambie nikupe bure, ila njoo na mtu wa kukusaidia kubeba, ni nzito na lifti ya kwetu nayo ni mbovu.