Kwa mnaoanza kuendesha midahalo ya mji

Siku hizi nikihudhuria midahalo nakaa viti vya nyuma, kwa sababu kazi ya mbele mmeichukua nyinyi, na hilo linanifurahisha sana. Lakini nimetoka kwenye vikao kadhaa mfululizo nikiwa nimekereka. Wanajopo sita kwa saa moja na nusu. Salamu, shukrani na itifaki, karibu nusu saa. Mgeni rasmi anasoma hotuba, anapigiwa makofi, anaondoka kabla ya swali la kwanza. Halafu watu waliotoka kazini wakaja kwa nauli zao wananyoosha mikono, nanyi mnatangaza kwamba muda umetutupa mkono, tuchukue maswali matatu tu, tena kwa ufupi.

Muda mlikuwa nao, ila mliugawia meza kuu. Nawapenda mno, wadogo zangu, siwezi kunyamaza. Haya hapa ni mambo ambayo wenzangu nami tulijifunza kwa gharama.

1. Anzeni na swali, jopo lije baadaye.

Naona mabango: "Utamaduni, Teknolojia na Mustakabali wa Mji." Mtu akisoma hayo hajui aje kusema nini, kwa hiyo wanakuja wale tu ambao daima wana la kusema. Ulizeni jambo ambalo fundi viatu na mhadhiri wote wawili watakuwa wanalijibu kichwani wakiwa njiani. Je, kamera za stendi zitambue sura za wapita njia? Mwaka 2019 mji wa San Francisco, ambao uko jirani kabisa na makampuni makubwa ya teknolojia, ulizipiga marufuku idara zake, polisi wakiwemo, kutumia utambuzi wa sura. Swali lilikuwa limenyooka kiasi kwamba baraza la mji liliweza kulipigia kura. Nani angepigia kura "mustakabali"?

Tena msilikwepe swali kwa kuwa linachoma. Mjini Bristol, Uingereza, walibishana kwa miaka kuhusu sanamu ya Edward Colston, mfanyabiashara ya watumwa, hadi maneno ya kibao cha kueleza historia yake yakakosa kuafikiwa. Juni 2020 waandamanaji waliiangusha wakaitosa majini bandarini. Mwaka uliofuata iliwekwa makumbusho ikiwa imelazwa chali, na rangi waliyoipaka bado iko mwilini, wakazi wakaulizwa ifanywe nini. Maoni yalikuja kwa maelfu. Watu hawakuwa wamechoka kujadili sanamu. Walichoka kujadili jambo lisilofika mwisho.

2. Wanajopo watatu wanatosha, na mmoja wao awe anaishi na jambo lenyewe kila siku.

3. Kabla ya kuchapa bango, jueni uamuzi uko wapi.

Hapa nitakaa, mnivumilie, kwa sababu bado linaniuma.

Tuliandaa mdahalo kuhusu kamera za usalama katika soko moja. Ofisi iliyohusika na mradi ilikubali kuleta ofisa na kuchangia gharama ya ukumbi, nasi tukafurahi kama watu waliopata heshima waliyoisubiri. Kuna jambo moja hatukuliuliza: je, mkataba umeshasainiwa? Mimi ndiye niliyekuwa mwendeshaji, mimi ndiye niliyekuwa na wajibu wa kuuliza, na niliona ni utovu wa adabu kumhoji mtu anayelipia viti tulivyokalia.

Ukumbi ulijaa. Watu wa soko walikuja na hoja zilizopikwa zikaiva. Kina mama walitaka kamera milangoni lakini si juu ya meza zao, maana hapo ndipo wanapohesabia fedha. Kijana mmoja wa mizigo aliuliza picha zitahifadhiwa muda gani, na ni nani atakayekuwa na haki ya kuziomba. Mwingine akataka kujua kama mtu akishukiwa kwa makosa ya mashine ataenda kulalamika kwa nani. Tuliandika kila kitu kwenye karatasi kubwa tulizobandika ukutani. Nami nikasema kwa mdomo wangu mwenyewe kwamba maoni yao yatazingatiwa.

Ndipo mama mmoja wa safu ya tatu akasimama. Hakusubiri maiki. "Samahani, mwendeshaji. Nguzo zimeshasimikwa upande wa nyuma wa soko. Nimezipita leo asubuhi. Sasa sisi hapa tunashauri nini?"

Nilimtazama ofisa. Ofisa akatazama simu yake. Nikajua. Ukumbi mzima ulikuwa umeninyamazia, na nilichotakiwa kufanya kilikuwa chepesi: kumgeukia yule ofisa, kumwomba ajibu, na kusubiri hata kama kimya kingekuwa kirefu. Badala yake nikasema tunashukuru kwa mchango huo, kwa ajili ya muda twende kwenye swali linalofuata.

Yule mama hakubishana. Alichukua mkoba wake akatoka, na wengi wa safu yake wakamfuata. Waliobaki waliendelea kuuliza kwa adabu, na mimi nikaendelea kuandika ukutani maneno ambayo nilijua hayana pa kwenda. Nilipokwenda sokoni baadaye kumwomba radhi alikuwa akipanga bidhaa, hakuacha kupanga. Aliniambia nguzo hazikumshangaza, alizitarajia. Kilichomuuma ni kuona kwamba mimi naye tulikuwa tumelielewa jambo lilelile kwa wakati mmoja, nikajifanya sijaelewa. Tulipowaalika tena watu wa soko kwenye mdahalo mwingine, hawakuja, na ilituchukua muda mrefu mno kabla ya hata mmoja wao kukubali kukaa kwenye kiti chetu.

Mwaka 1969 Sherry Arnstein, mtaalamu wa sera wa Marekani, aliupanga ushiriki wa wananchi kama ngazi yenye vidaraja nane. Chini kabisa ni watu kuchezewa akili, juu kabisa ni wananchi kushika hatamu. Kupashwa habari na kuombwa maoni vimo katikati, katika kundi aliloliona kuwa ni ushiriki wa kuonyesha tu ikiwa hakuna hakikisho kwamba maoni hayo yatabadilisha lolote. Makala hiyo nilikuwa nimeisoma kabla ya siku ile. Niliweza kuieleza darasani. Kwa hiyo mkiniambia mmesoma, nawaamini, na bado nitawauliza.

Nitawauliza mambo matatu, na majibu nataka yawe kwa maandishi kutoka kwa mwenye mradi: nani anaamua, anaamua lini, na nini bado kinaweza kubadilika. Jibu la tatu likiwa "hakuna", mkutano bado unaweza kufanyika, ila waambieni watu mapema kwamba wanakuja kudai maelezo, si kutoa ushauri. Watakuja tu. Watu wazima wanastahimili habari mbaya vizuri kuliko tunavyodhani.

Msidhani ni masoko madogo tu yanayokumbwa na haya. Toronto, Kanada, mwaka 2017, kampuni ya Sidewalk Labs, ya ukoo mmoja na Google, ilichaguliwa kupanga eneo la Quayside lililo ufukweni, mtaa wa kisasa uliojaa vihisi, yaani vifaa vinavyonasa na kurekodi yanayotokea. Mikutano ya hadhara ilifanyika, mingi na ya kuvutia. Swali lililorudi kila mara lilikuwa lilelile: data itakayokusanywa mitaani itakuwa mali ya nani? Oktoba 2018 Ann Cavoukian, mtaalamu wa faragha aliyekuwa akiishauri kampuni, alijiuzulu, kwa kuwa hakukuwa na hakikisho kwamba kila anayekusanya data angeifuta utambulisho wa watu palepale inapokusanywa. Mpango wenyewe ulipotoka mwaka 2019 ulikuwa na kurasa zaidi ya 1,500. Mei 2020 kampuni ikajiondoa, ikitaja msukosuko wa uchumi. Kwa maoni yangu lile swali la mali ya nani lilipaswa kujibiwa kabla ya kiti cha kwanza kupangwa, kwa sababu mjadala wowote juu ya madawati, miti na njia za baiskeli ulikuwa ukilisubiri hilo.

4. Maiki isiondoke mkononi mwa mtu wenu. Msaidizi aishike, mchangiaji aongee.

Hii mnaijua lakini hamuifanyi, kisha mnanilalamikia kuhusu "yule mzee". Kila mji una mzee wake. Anakuja kila mdahalo, anakaa mbele, ananyoosha mkono kabla mada haijatajwa, na mada iwe filamu au programu za simu yeye ataanzia kwenye mifereji ya maji ya zamani. Niliona mkipeana macho aliposimama juzi. Sasa sikilizeni. Wakati fulani tulijadili ramani ya kidijitali ya mji, iliyotengenezwa na vijana hodari kabisa, yenye rangi nzuri. Mzee wetu akaanza na mifereji yake. Mmoja wa wachora ramani akafungua kompyuta kwa dharau kidogo ili amwonyeshe, na kumbe mfereji haukuwemo kwenye ramani, na kumbe nyumba zilizokuwa zikifurika kila masika zilikuwa juu yake. Walitoka naye usiku uleule wakatembea mtaa mzima wakiwa na tochi. Kwa hiyo mpeni dakika zake, mpeni kikomo, na mwekeni mtu wa kuandika anachosema.

Na mkono wa kwanza kuuchagua uwe wa mtu ambaye hamjawahi kumsikia. Akianza mwenye mazoea, wageni hujiona hawana ufasaha, mikono inashuka.

5. Walio mtandaoni wapeni mtu wao.

Mnaweka kamera moja nyuma ya ukumbi, mnarusha moja kwa moja, kisha mnasahau kabisa kwamba kuna watu upande wa pili. Msaidizi mmoja akae na kompyuta, asome michango yao kwa sauti kwa zamu sawa na ya ukumbini. Huyo msimpe kazi nyingine, hata ya kugawa maji.

Kama mnataka mjadala wa mtandaoni wenye watu wengi, jifunzeni kwa vTaiwan, mpango wa Taiwan wa kujadili sera na wananchi mtandaoni, ulioanza mwaka 2014. Walipolijadili suala la Uber mwaka uliofuata walitumia programu ya Pol.is, ambapo mtu anaandika kauli yake na wengine wanaikubali, wanaikataa au wanaipita. Hakuna kitufe cha kumjibu mtu. Ugomvi ukakosa mahali pa kuanzia, na programu ikawaonyesha washiriki ni kauli zipi zimekubaliwa na kambi zote. Mimi si mshabiki wa kila kifaa kipya, lakini hilo la kuondoa kitufe cha kujibu ninaliheshimu sana, maana nimeona waendeshaji wazuri wakishindwa kuzima ugomvi ambao usingewaka kama pasingekuwa na pa kujibizana.

6. Mtaalamu akisema "miundombinu ya kidijitali", mwombeni aseme ni nini kitafungwa wapi, kitachukua nini kutoka kwa nani, na nani atakiona.

Fanyeni hivyo kwa upole. Wengi wao hawana nia ya kuficha, wamezoea kuzungumza na wenzao.

7. Ripoti itoke ndani ya wiki, nanyi mrudi.

Vijana wengi mnaona kazi imeisha taa zikizimwa. Mdahalo uliojaa hoja ukikosa karatasi, ofisi itausahau kufikia Jumatatu. Wangari Maathai alipopinga jengo la ghorofa 60 lililokuwa lijengwe Uhuru Park, Nairobi, mwaka 1989, aliandika barua: kwa ofisi hii, kwa ofisi ile, kwa wafadhili, hadi nje ya nchi. Alitukanwa bungeni. Aliendelea kuandika, wafadhili wakajitoa, jengo halikujengwa. Kelele za ukumbini zilihitaji barua zenye tarehe na anwani, na barua zilihitaji mtu mmoja asiyechoka kuzifuatilia.

Kurudi ndiko kunakowashinda zaidi. Porto Alegre, Brazili, walipoanza mwaka 1989 kuwaachia wakazi wapange sehemu ya bajeti ya mji, duru ya mikutano ya mitaani ilikuwa na mahali pa serikali ya mji kueleza mpango wa mwaka uliopita umefikia wapi, kabla ya kuomba mapendekezo mapya. Mtu aliyependekeza lami mwaka jana anakaa pale na kusikia lami imefika wapi. Fanyeni mfano wa hilo hata kwa udogo: dakika kumi za mwanzo wa kila mdahalo, someni mliyoyaahidi mara iliyopita, moja moja, mseme lipi limejibiwa, lipi limekataliwa na kwa sababu gani, lipi halijajibiwa na ni nani anayelikalia. Mtaona aibu mara ya kwanza. Mara ya pili ofisa ataleta majibu mwenyewe ili jina lake lisisomwe.

Nyinyi wa mdahalo wa maktaba, nimeona rasimu ya bango na imependeza. Wanajopo bado ni watano, punguzeni. Na hamjaniambia ni nani mwenye mamlaka juu ya saa za kufungua atakayekaa safu ya mbele hadi mwisho, wala kama bajeti ya mwaka ujao imeshapitishwa au bado. Nileteeni majibu hayo kabla hamjapeleka bango kwa mchapaji.