Mwalimu wa muda wa filamu Lamu: hesabu saa kabla ya kutafuta mtu

Muhula unaanza Septemba, mhadhiri wa filamu amekwenda masomoni, na mkuu wa idara ana wiki tatu za kumpata wa kushika nafasi yake. Hapo ndipo mambo huharibika. Anapigiwa simu kijana hodari wa video za harusi, au mgeni anayeishi Shela aliyewahi kufanya kazi ya televisheni kwao, anakubali, na hakuna aliyekaa chini kuuliza kazi yenyewe ni saa ngapi. Ikifika katikati ya Novemba pana filamu nne ambazo hazijahaririwa, alama haziko kwa mtu, na simu ya mwalimu haipatikani.

Basi anza na kalamu na karatasi. Chukua darasa la wanafunzi 24, somo la wiki 14, saa 3 kwa wiki. Saa za darasani ni 42, na vyuo vingi hulipa hizo 42 tu. Sasa ongeza zisizoonekana. Ukigawa wanafunzi katika vikosi vinne vya watu sita, kila kikosi kitaandika skripti na kuirudia mara tatu hivi. Kusoma na kujadili rasimu moja ni saa nzima, kwa hiyo saa 12. Kila kikosi kipige picha siku mbili, na mwalimu awepo angalau siku moja kwa kila kikosi: siku nne za saa 8, yaani 32. Kuangalia uhariri mara mbili kwa kila filamu, saa moja na nusu kila mara: 12. Kusahihisha mazoezi matatu ya wanafunzi 24, dakika 20 kwa kila moja: 24. Jumla ni saa 122, na bado hujahesabu maandalizi ya vipindi. Malipo ya saa 42 ni theluthi tu ya kazi. Mwalimu akigundua hivyo wiki ya sita hataacha kazi. Ataacha kwenda kwenye upigaji, na kutoka hapo filamu za wanafunzi ni za kubahatisha.

Chuo kisichoweza kulipa saa 122 kipunguze kazi, kisipunguze malipo kimyakimya. Fanyeni filamu mbili badala ya nne, au filamu za dakika 3 badala ya 7, au mwanafunzi wa mwaka wa nne asimamie upigaji kwa posho. Pia fahamuni kwamba vyuo havihesabu saa ya vitendo sawa na saa ya mhadhara. Pata kiwango cha chuo chako kutoka ofisi ya masomo kwanza, uandike kwenye barua ya kazi, ndipo utaje pesa kwa mtu.

Je, unatafuta mhadhiri au mkufunzi? Kwa kawaida chuo kikuu hutaka anayesimamia somo awe na shahada ya uzamili angalau. Wapiga picha na waongozaji wengi wazuri hawana, na kuwakataa ni hasara. Njia ni kumwajiri kama mkufunzi wa vitendo chini ya mhadhiri mmoja wa idara, hata kama huyo ni wa fasihi au mawasiliano, na huyo mhadhiri ndiye atie sahihi alama. Lakini aambiwe mapema, naye akubali. Mhadhiri anayeletewa mafaili ya alama Desemba bila habari atayarudisha, na kwa haki.

Kuhusu tangazo hatuna mengi ya kusema. Taja saa, malipo, tarehe za upigaji na vifaa vilivyopo. Tangazo linalosema tu "uzoefu wa kutosha" huleta bahasha arobaini zisizofaa.

Usaili ndio wenye mambo. Video ya sifa anayoleta mwombaji, yaani vipande vya kazi zake bora, haionyeshi nani alifanya nini. Picha nzuri ya jahazi wakati wa kuchwa huenda ilipigwa na msaidizi wake. Muulize kwa kila kazi: wewe ulishika nini hapa? Anayejibu "mimi nilirekodi sauti tu, taa zilikuwa za fulani" ni wa kuaminika kuliko anayesema alifanya yote.

Kisha mpe majaribio mawili. La kwanza ni kipindi cha dakika 30 na wanafunzi sita, kamera moja na maikrofoni moja, warekodi mazungumzo ya watu wawili kwenye baraza. Usisikilize sana anavyoongea. Tazama baada ya dakika 10 kamera iko mikononi mwa nani. Ikiwa bado anaishika yeye, huyo ni fundi, na muhula mzima wanafunzi watakuwa wabeba stendi wake. Tazama pia kama kuna mwanafunzi aliyevaa hedifoni wakati wa kurekodi. Mwalimu asiyelidai hilo ataletewa filamu yenye picha safi na mngurumo wa upepo mwanzo hadi mwisho.

La pili ni kumpa filamu mbovu ya mwanafunzi, ya dakika tatu, isiyo na jina, aandike maoni ya nusu ukurasa. Kusema "picha haina mvuto" hakumsaidii mtu. Unatafuta aandike kwamba mhusika wa pili ametazama upande uleule na wa kwanza, kwa hiyo hawaonekani kuongea wao kwa wao, na kwamba mahali fulani kamera ilivuka ule mstari wa kuwaziwa unaowaunganisha, ikawapiga kutoka upande wa pili. Maoni yanayotaja chanzo hurekebishika. Tukilazimika kuchagua jaribio moja, tungechagua hili.

Ongeza swali moja la papo kwa papo: taa za darasa zinapepesa kwenye video, kwa nini? Umeme wetu ni wa hezi 50, kwa hiyo fremu 25 kwa sekunde na shata (muda wa kila fremu kupokea mwanga) ya 1/50 ya sekunde huwa salama chini ya taa za kawaida. Wanafunzi wengi huacha kamera kwenye fremu 30 na shata ya 1/60 kama ilivyotoka kiwandani, ndipo mwanga unaanza kucheza. Anayejua atajibu kabla hujamaliza kuuliza.

Sasa mahali penyewe. Aliyefundisha Nairobi akija Lamu bila kuelezwa hupoteza wiki mbili. Vichochoro vya Mkomani, mtaa wa mji wa kale, ni vyembamba na kuta ni ndefu, hivyo juu jua linawaka na chini ni giza. Kamera ya bei nafuu haiwezi kushika vyote viwili. Mchana jua liko utosini na uso wa mtu unakuwa na mashimo meusi machoni. Ratiba ya upigaji nje iwe saa kumi na mbili na nusu hadi saa tatu asubuhi, halafu saa kumi hadi kuchwa. Katikati ya hapo ni kazi za ndani, kuhariri na kusoma skripti. Ukuta uliopakwa chokaa hurudisha mwanga mzuri bure, na mwalimu anayeliona hilo siku ya kwanza hatakuomba ununue mbao za kuakisi.

Sauti ndiyo adui mkubwa. Kuna punda, injini za mashua gatini, na adhana mara tano kutoka misikiti iliyo karibu karibu. Adhana haiombwi isubiri. Upigaji ndio hupangwa kuizunguka. Ratiba ya siku iandikwe nyakati za swala za wiki hiyo, na kikosi kisimame dakika chache kabla ya adhana ili wanaoswali waende. Wakati wa kusi, hasa Juni hadi Agosti, ufukwe wa Shela haurekodiki bila manyoya ya kufunika maikrofoni. Sponji nyeusi inayokuja na maikrofoni haitoshi. Ramadhani husogea nyuma siku 10 au 11 kila mwaka, kwa hiyo ikiangukia muhula wako, toa upigaji mrefu humo kabisa na uweke skripti na uhariri. Na wiki ya Maulidi usipange darasa. Panga kikosi kinachorekodi, ikiwa mmepata idhini ya wenyewe.

Chumvi na unyevu hula vifaa. Lenzi iliyofungiwa kwenye begi la kitambaa huota kuvu ndani, na kuvu ikishaingia kati ya vioo kuitoa ni kazi ya fundi. Nunua masanduku ya plastiki yanayofunga kwa mpira, weka ndani pakiti za kunyonya unyevu, na uzikaushe au uzibadilishe zikishiba. Kila kifaa kikirudi kutoka baharini kifutwe kwa kitambaa chenye unyevu kidogo wa maji yasiyo na chumvi, kisha kikavu. Haya mpe mwalimu kwa maandishi na umtaje mtu wa stoo kwa jina, maana kifaa kisicho na mwenyewe hufa.

Hifadhi ya picha nayo huhesabiwa. Kamera inayorekodi megabiti 100 kwa sekunde hutumia gigabaiti 45 kwa saa. Kadi ya gigabaiti 64 inajaa kwa dakika 85 hivi. Kila kikosi kikirekodi saa 3 kwa siku zake mbili, hiyo ni gigabaiti 135. Vikosi vinne ni 540. Basi nunua diski mbili za terabaiti 1, zote ziwe na kila kitu, moja ikae stoo na nyingine kwenye chumba cha uhariri. Kadi isifutwe mpaka mwalimu aone faili zinafunguka kwenye diski zote mbili. Filamu za wanafunzi zinazopotea nyingi hupotea jioni ya siku ya kwanza, mtu alipofuta kadi ili apige zaidi.

Mwalimu akitoka Mombasa au Nairobi, kuja kila wiki ni ndoto: kuna ndege hadi Manda kisha mashua, au basi kupitia Malindi na Witu hadi Mokowe kisha mashua tena. Panga ziara nne za siku tatu, saa tatu na nusu za darasa kwa siku, na zile saa 42 zinatimia. Ziara ya kwanza ni kamera na sauti, ya pili skripti na mazoezi, ya tatu upigaji, ya nne uhariri. Tenga nauli na malazi nje ya malipo ya saa. Kati ya ziara ataona picha kwa mtandao, lakini gigabaiti 135 hazitumwi. Wanafunzi watengeneze nakala nyepesi za megabiti 5 kwa sekunde, yaani kama gigabaiti 2.25 kwa saa ya picha, na hizo zinapita.

Vibali vinachukua muda kuliko ajira yenyewe. Sheria ya Filamu na Michezo ya Jukwaani, Sura ya 222, inataka leseni ya kupiga filamu. Chuo kiombe mapema kwa niaba ya darasa. Kupiga ndani ya Ngome au Makumbusho ya Lamu kunahitaji idhini ya Makumbusho ya Taifa. Droni ni jambo la kuachana nalo isipokuwa ina usajili na ruhusa ya mamlaka ya usafiri wa anga, maana uwanja wa Manda uko ng'ambo tu ya maji. Kupiga watu, hasa kina mama majumbani, ni hodi kwanza, kuelezwa, na karatasi ya idhini kwa Kiswahili.

Mgeni kutoka nje ya Kenya, hata anayejitolea bure, hafundishi kwa kibali cha kuingilia nchini kama mtalii. Anahitaji kibali cha kazi au pasi maalumu. Chuo ndicho kinachoulizwa, kwa hiyo hilo limalizwe kabla hajaingia darasani.

Mkataba sasa. Sheria ya Ajira ya 2007 inataka mkataba wa kazi wa miezi 3 au zaidi uandikwe. Wewe andika hata wa mwezi mmoja. Amueni na ofisi ya fedha kama ni mwajiriwa au anatoa huduma. Mwajiriwa hukatwa kodi ya mshahara, asilimia 2.75 ya bima ya afya ya jamii, asilimia 1.5 ya tozo ya nyumba na mchango wa NSSF, mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii. Mkazi anayelipwa kama mshauri hukatwa kodi ya zuio ya asilimia 5 malipo yakifikia shilingi 24,000 kwa mwezi. Mtaje kiasi atakachopokea mkononi, si cha kwenye barua. Ugomvi mwingi wa wiki ya tano ni tofauti ya hizo mbili.

Lipa kwa mafungu: asilimia 30 mwisho wa wiki ya 5, 40 wiki ya 10, na 30 ndani ya siku 14 baada ya kukabidhi alama. Chuo kinachochelewesha malipo kisishangae alama zikichelewa, na anayeumia ni mwanafunzi anayesubiri kuhitimu. Mkataba useme pia nani anamiliki filamu, nani anaweza kuzipeleka tamashani, na kwamba nakala ya noti za somo inabaki idarani hata kama zake anaondoka nazo.

Siku ya mwisho kaeni pamoja stoo na orodha. Hesabuni betri moja moja, kadi, nyaya, diski zote mbili, funguo, na nenosiri la kompyuta ya uhariri. Fungueni filamu zote nne mtazame zinaanza na kumalizika. Alama ziwe zimeshatiwa sahihi na mhadhiri msimamizi. Ndipo fungu la tatu liandikiwe hundi.